Limechezwa

Mchopa dalali ameliweka mezani kwangu, Mikumbi,
limeviringishwa kanga iliyochujuka,
akasema kabla hajaketi: "La Selemani Nampembe hili,
bingwa wa Lindi nzima, yule mashoto.
Mnunuzi yuko Dar. Anataka karatasi yako tu."

Karatasi yangu. Watu hudhani ni muhuri.
Mimi kwanza nanusa.

Mabao ya uongo nimeyanusa mengi:
lililozikwa wiki tatu kwenye mavi ya kuku,
lililopakwa mafuta ya maganda ya korosho
likawa jeusi kama sufuria la msiba
na kunibabua vidole siku nne.
Moja lilinukia dawa ya viatu.
Nikamwambia mwenyewe alivae Idi.

Halafu msasa. Msasa una adabu mno,
unayala mashimo yote thelathini na mawili
sawasawa, hausahau hata moja.
Mchezo hauli hivyo.
Mchezo una upendeleo:
unarudi nyumba, unarudi nyumba,
unagonga kichwa, unageuka kimbi,
na safu ya nyuma unaipitia
kama mtu anayesalimia huku anatembea.

Hili ni mkongo. Nimevaa tochi ya kichwani,
nimelaza mwanga hadi uguse ubao kwa ubavu,
maana mwanga wa juu hudanganywa,
wa ubavuni hukwaa.

Upande wa kwanza: kingo zimelika kushotoni,
gumba la mashoto, sina ubishi.
Nyumba, lile shimo la pembe nne,
pembe zimeisha, limekuwa duara
kwa kete sita za kila mwanzo,
komwe juu ya komwe, mwaka juu ya mwaka.
Nikaandika: *mashoto, miaka mingi.*
Mchopa akaanza kutafuta namba ya Dar.

Nikasema ngoja. Nikaligeuza.

Upande wa pili umechimbika zaidi.
Kingo zimelika kuliani.
Na ukingoni, pale kifundo cha mkono hupumzika
mchezaji akifikiri,
mikwaruzo, myembamba, mamia,
yote imelala njia moja:
bangili.

Pembeni yake alama ya kuungua,
duara la kitako cha kibatari.
Kwenye ufa wa kimbi kuna kitu cheupe.
Nimekitoa kwa sindano, nimekiweka ulimini.
Unga wa muhogo, mgumu kama chokaa.

Mashindano ya Ndoro yalikuwa ya mchana.
Mabingwa hawakuvaa bangili.
Mtu huyu alicheza usiku,
ugali umeshasongwa, watoto wamelala,
na aliyekaa mbele yake, akilikuna kichwa,
kesho yake alikwenda kuwafunga wanaume.

"Atakuwa mkewe," Mchopa akasema,
kama anayetaja bei ya chumvi.
"Somoe. Wa Mitandi. Alikuwa akichezacheza naye, basi."

Kuchezacheza hakuchimbi mkongo.

Simu imepokelewa. Sauti ya Dar ni ya upole,
imesoma, ina haraka:
"Dada, andika la bingwa. Jina moja linatosha.
Majina mawili yananichanganyia wateja."

Nani alishinda usiku zile, sijui.
Ubao hauhifadhi hilo. Ubao huhifadhi uzito,
upande, jasho, na mara ngapi.
Nimeweka kifundo changu juu ya mikwaruzo
kuona kama kinakaa.
Kimekaa. Vidole vikaifikia nyumba bila kuitafuta.

Naandika:
*Limechezwa.
Upande mmoja, Selemani Nampembe.
Upande wa pili, Somoe binti*

"Binti nani?" namuuliza Mchopa.
Anatazama kanga yake, anaikunja, anaikunjua.
Hajui.

Kalamu iko juu ya karatasi.
Sauti ya Dar inaita, halo, halo,
inauliza kama mtandao umekatika.